Injini ya mtumba na kipimo cha moshi: Kwa nini gari linafeli?

Mkulima au mfanyabiashara mdogo anayemiliki pikapu ya zamani anafahamu kwamba bodi na chesisi vinaweza kuhimili barabara za vijijini kwa miaka 20 au hata 30, lakini injini huchoka mapema zaidi. Injini inapofika mwisho, njia iliyo nafuu ni kununua nyingine ya mtumba, nyingi zikiwa zimetoka Japan, na kuipachika kwenye gari lile lile.

Biashara hiyo imeshamiri katika miji yote mikubwa ya Afrika Mashariki. Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala ni maeneo yanayojulikana kwa vipuri vya aina hiyo. Bila injini hizo, mazao mengi yangeozea shambani kwa kukosa usafiri.

Kwa muda mrefu kipimo cha kazi ya fundi kimekuwa kimoja tu: je, gari linavuta? Likipanda mlima na mzigo, kazi imekubaliwa. Lakini hali inabadilika, na wenye magari yaliyobadilishwa injini ni miongoni mwa watakaoguswa kwanza.

Mwezi Agosti 2025 Rwanda ilianza kupima moshi wa magari kwa utaratibu mpya unaosimamiwa na mamlaka yake ya mazingira kwa kushirikiana na polisi. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 inayozuia kuingiza nchini magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15. Kenya kwa miaka mingi imekuwa na ukomo wa miaka minane kwa magari yanayoingizwa, na mwaka 2014 ilitunga kanuni za ubora wa hewa. Tanzania nayo ilitunga kanuni za viwango vya ubora wa hewa mwaka 2007. Sheria, kwa maneno mengine, zipo. Kilichokuwa kikikosekana ni mashine na usimamizi.

Ile hoja kwamba mafuta yetu ndiyo mabaya nayo imepungua nguvu. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hivyo gari linapotoa wingu jeusi, mara nyingi chanzo kimo ndani ya gari lenyewe.

Wala suala hili si la kuwafurahisha wazungu, kama wengine wanavyodai. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mama anayeuza ndizi kituo cha mabasi kutwa nzima anavuta moshi huo kuliko mwenye gari.

Injini haisafiri peke yake

Swali linalopaswa kuulizwa ni hili: kwa nini injini iliyofanya kazi vizuri Japan, katika nchi yenye ukaguzi mkali, ikipachikwa kwenye gari jingine hapa kwetu ifeli kipimo?

Jibu ni kwamba injini ya kisasa ni sehemu moja tu ya mtambo. Kuna kontroli boksi inayopima mafuta, nyaya, sensa za joto na za hewa, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, masega yanayosafisha gesi, na mabomba madogo ya mpira yanayorudisha mvuke na moshi ndani ya injini. Mara nyingi mnunuzi anauziwa chuma tu. Mengine yote hubaki Japan, hukatwa na kutupwa, au huuzwa kivyake.

Fundi akishafunga chuma hicho hulazimika kuunganisha na vilivyokuwepo kwenye gari. Kama sensa ya joto ya zamani haiendani na kontroli boksi mpya, huifunga hivyo hivyo. Kama waya wa sensa ya oksijeni haufiki, huuacha ukining'inia. Gari linawaka na linatembea, lakini kontroli boksi inafanya kazi kwa kukisia.

Tatizo la gari linalofeli, kwa hiyo, mara nyingi si ubovu wa injini. Ni vile vilivyoachwa wakati wa kuihamisha. Mwenye gari akilielewa hilo ataokoa fedha nyingi, kwa sababu hatakimbilia kununua injini ya tatu.

Karatasi ya kipimo inasema nini

Kwa gari la petroli, mashine huchukua gesi kwenye ekzosi na kutoa namba kadhaa. Zilizo muhimu ni kaboni monoksidi, ambayo hupimwa kwa asilimia, hidrokaboni, yaani mafuta ambayo hayakuungua, oksijeni, na namba iitwayo lambda inayoonyesha uwiano wa hewa na mafuta. Lambda ikiwa 1, hewa na mafuta vinalingana sawasawa, yaani takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli.

Ili msomaji apate mizani, katika nchi za Ulaya gari la petroli lenye masega lililosajiliwa kuanzia katikati ya mwaka 2002 hutakiwa kutoa kaboni monoksidi isiyozidi asilimia 0.2 injini ikizungushwa kwa kasi bila mzigo, na lambda iwe kati ya 0.97 na 1.03. Viwango vya kwetu vinaweza kutofautiana, lakini njia ya kuzisoma namba hizo ni ile ile.

Kaboni monoksidi ikiwa juu na oksijeni ikiwa chini, injini inakula mafuta kupita kiasi. Hapa kuna sababu nne zinazojitokeza mara kwa mara kwenye magari yaliyobadilishwa injini.

Ya kwanza ni thamostati. Mafundi wengi huitoa na kuitupa wakidai inachemsha gari. Thamostati kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate joto, kwa kawaida nyuzi 80 hivi. Ikiondolewa, hasa katika maeneo ya baridi kama Njombe, Mbeya au Limuru, injini haifikii joto lake. Kontroli boksi hudhani kila saa ni asubuhi na huendelea kumwaga mafuta ya kuwashia. Kifaa hiki cha bei ndogo kinaweza kuwa sababu ya gari kufeli na pia ya kunywa mafuta kila siku.

Ya pili ni sensa ya joto la maji, ikiwa imekufa au ni ya injini nyingine. Matokeo yake ni yale yale: kontroli boksi inaambiwa injini ni baridi wakati ni ya moto.

Ya tatu ni sensa ya oksijeni, ambayo huwa haikuunganishwa, imechoka, au imefungwa mbali sana na injini kiasi kwamba haipati joto la kuiwezesha kufanya kazi.

Ya nne ni ekzosi inayovuja kabla ya sensa hiyo. Wengi wanadhani tundu kwenye ekzosi ni kelele tu. Kumbe hewa ya nje huingia kupitia tundu hilo, sensa inaona oksijeni nyingi, inaiambia kontroli boksi kwamba mafuta ni kidogo, nayo inaongeza. Kwa kuwa bomba la ekzosi hukatwa na kuchomelewa upya wakati wa kubadilisha injini, kosa hili ni la kawaida sana.

Hidrokaboni ikiwa juu sana huku kaboni monoksidi ikiwa ya kawaida, maana yake kuna silinda ambayo haiwashi vizuri. Hapo chunguza plagi, nyaya zake, koili, na mabomba ya mpira yanayonyonya hewa pembeni. Yote yakiwa sawa, pima mgandamizo wa kila silinda. Hapo ndipo injini yenyewe inaweza kushtakiwa, kwamba valvu au ringi za pistoni zimekwisha.

Kama lambda ni nzuri, karibu na 1, lakini kaboni monoksidi na hidrokaboni bado zimezidi, basi injini inapata mafuta yake sawasawa. Kinachokosekana ni usafishaji, yaani masega yamekufa, yametolewa, au yamefungwa mbali mno na injini. Masega huanza kufanya kazi yakifikia takriban nyuzi 300 za joto. Yakiwekwa nyuma kabisa ya gari, hupoa gari linaposimama kwenye foleni ya kupimwa.

Biashara ya masega

Masega yana madini ya platini, paladi na rodi. Mwaka 2021 bei ya rodi katika soko la dunia ilipita dola 20,000 kwa aunsi moja. Tangu hapo kila mwenye gari amesikia ushauri wa kuyatoa, kwamba yameziba, kwamba gari litavuta zaidi. Anayeshauri mara nyingi ndiye anayeyanunua.

Ni kweli masega huziba. Lakini huziba kwa sababu, nayo ni injini inayochoma oili au inayomwagiwa petroli nyingi. Mwenye gari akifunga masega mapya bila kuondoa sababu hiyo, yatakufa kama yaliyotangulia. Utaratibu sahihi ni kurekebisha mafuta na moto kwanza, masega mwisho. Anayeanza na masega anatupa fedha.

Dizeli: rangi ya moshi inasema mengi

Wakulima wengi wanatumia dizeli, na hapo kipimo ni cha giza la moshi. Mpimaji hukanyaga mafuta hadi mwisho mara kadhaa gari likiwa limesimama, na mashine hupima mwanga unavyozuiwa na moshi. Huko Ulaya, kwa dizeli za zamani, kiwango ni 2.5 kwa injini isiyo na turbo na 3.0 kwa yenye turbo, kwa kizio kinachotumika kupimia giza hilo. Dizeli mpya hubanwa zaidi.

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yanaingia kwenye silinda.

Kwenye gari lililobadilishwa injini, moshi mweusi una historia yake. Tuchukulie pikapu iliyokuwa na dizeli ya kawaida ikawekewa yenye turbo. Kwenye pampu ya injini mpya kuna bomba dogo linalotoka kwenye turbo, ambalo huiambia pampu iongeze dizeli pale tu hewa inapoongezeka. Bomba hilo lisipounganishwa, gari linakosa nguvu. Mwenye gari analalamika. Fundi, badala ya kulitafuta bomba, anageuza skrubu ya pampu ili dizeli iwe nyingi wakati wote. Nguvu inarudi kiasi, na moshi mweusi unaanza.

Sababu nyingine ni chujio la hewa. Injini kubwa hufungiwa kopo la chujio la injini ndogo kwa kuwa ndilo linaloenea. Injini inanyimwa pumzi. Ongeza vumbi la barabara za mashambani, na chujio lisilobadilishwa kwa miezi sita, na moshi hauna budi kuwa mweusi.

Kuna pia suala la mwinuko ambalo halizungumzwi. Pampu za zamani za dizeli nyingi zilirekebishwa kwa matumizi ya maeneo ya usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kigali zaidi ya mita 1,500 na Arusha takriban mita 1,400. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita, lakini pampu isiyo na kifaa cha kujirekebisha humwaga dizeli ile ile. Injini iliyokuwa safi Tanga inaweza kutoa moshi Arusha. Fundi wa pampu anaweza kuipunguza kidogo, na mwenye gari akubali kupoteza nguvu kidogo.

Tahadhari moja kwa wenye injini za dizeli za Toyota kama 3L na 5L: zina mkanda wa taimingi. Kwenye injini ya mtumba hakuna anayejua mkanda huo umetembea kilomita ngapi. Kukanyaga mafuta hadi mwisho wakati wa kipimo kunaweza kuukata, na ukikatika, valvu na pistoni hugongana. Badilisha mkanda kabla ya kwenda kupima, ikiwezekana siku ile ile injini inapofungwa.

Hesabu ya mwenye gari

Wapo watakaosema haya yote ni gharama. Tufanye hesabu rahisi. Tuchukulie pikapu iliyokuwa ikitembea kilomita 10 kwa lita sasa inatembea nane kwa sababu ya thamostati iliyotolewa na sensa ya oksijeni isiyounganishwa. Kwa safari ya kilomita 100 kwa siku, inatumia lita 12.5 badala ya 10. Kwa siku 25 za kazi ni lita 62.5 za ziada kila mwezi.

Msomaji azidishe na bei ya mafuta ya eneo lake, kisha alinganishe na bei ya thamostati na sensa. Kwa wengi, jibu litaonyesha kwamba gari linalofeli kipimo lilikuwa tayari linamwibia mwenyewe kabla ya serikali kumtoza chochote.

Hasara kubwa zaidi ni muda. Gari likizuiwa wiki ya mavuno, nyanya hazisubiri. Kwa hiyo anayetarajia ukaguzi asingoje mwezi wa mavuno. Afanye matengenezo msimu wa kilimo, gari likiwa na kazi chache.

Serikali nazo zijibu

Pamoja na wajibu wa mwenye gari, yapo maswali ambayo mamlaka zinapaswa kuyajibu kabla ya kusimamisha magari barabarani.

Swali la kwanza: gari la mwaka 1995 lenye injini ya mwaka 2005 lipimwe kwa kiwango cha mwaka gani? Wenzetu walishalijibu. Katika jimbo la California nchini Marekani, injini inayowekwa lazima iwe ya mwaka ule ule wa gari au mpya zaidi, ije na vifaa vyake vyote vya kudhibiti moshi, na ikaguliwe na kituo maalumu. Uingereza, kwa magari yaliyoanza kutumika kabla ya Agosti 1992, kipimo hufuata kilicho cha zamani zaidi kati ya gari na injini. Njia hizi mbili ni tofauti. Ya California inabana zaidi na inasafisha hewa haraka, ya Uingereza inamwonea huruma mwenye gari kuukuu. Kwa hali yetu, ya pili inafaa kuanzia, mradi iwe na muda wa ukomo.

Swali la pili ni la wauza injini. Mzigo wote ukiachwa kwa mwenye gari, chanzo kitabaki pale pale. Anayeingiza injini kutoka nje angetakiwa kuiuza pamoja na kontroli boksi, nyaya, sensa na masega yake. Bei itapanda kiasi, lakini mnunuzi atajua ananunua kitu kamili.

Swali la tatu ni umbali na nafasi ya kurekebisha. Mashine za kupimia zikiwa mijini tu, mkulima atalazimika kupoteza siku nzima na mafuta ya safari. Na aliyefeli mara ya kwanza apewe karatasi yenye namba zake na muda wa kutosha kutengeneza kabla ya faini. Kipimo kisichotoa namba hakimsaidii fundi, na kinafungua mlango wa rushwa, kwa sababu neno la mpimaji linakuwa ndiyo sheria.

La kufanya sasa

Anayetaka kununua injini leo asinunue chuma kitupu. Adai kontroli boksi, nyaya zote bila kukatwa, sensa na ekzosi ya mbele yenye masega. Njia bora ni kununua sehemu ya mbele ya gari iliyokatwa nzima, maana kila kitu kinakuwa mahali pake na fundi anaona kilivyounganishwa.

Ahakikishe pia namba ya injini mpya inaingizwa kwenye kumbukumbu za usajili. Kadi yenye namba moja na injini yenye namba nyingine ni kikwazo kabla hata moshi haujapimwa, na inaweza kuleta mashaka ya wizi.

Ambaye gari lake limekwisha kubadilishwa injini afuate mpangilio huu kabla ya kipimo. Abadilishe oili na chujio la hewa. Arudishe thamostati. Azibe matundu ya ekzosi kuanzia kwenye injini kwenda nyuma. Asome makosa kwenye kontroli boksi kwa mashine, na kama taa ya cheki injini imetolewa balbu, airudishe. Apime mgandamizo wa silinda. Kwa dizeli, apeleke nozeli na pampu kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, asikubali za kukisia kwa sikio. Baada ya hayo yote, kama bado namba hazikubali, ndipo anunue masega.

Siku ya kipimo alifikishe gari likiwa la moto, baada ya mwendo wa angalau nusu saa, na asilizime kwenye foleni kwa muda mrefu. Gari zima kabisa linaweza kufeli kwa sababu tu limepimwa likiwa baridi.

Ukaguzi wa moshi utafika katika nchi moja mapema na nyingine baadaye. Mfanyabiashara anayesafirisha mazao kuvuka mipaka hana sababu ya kusubiri utangazwe kwao. Gari lililofungwa injini kwa ukamilifu litapita popote, na hata kabla ya siku hiyo litakuwa limemrudishia mwenyewe lita za mafuta zilizokuwa zikipotelea hewani.